Punje Yenye Doa

Ujumbe wa mtafiti mwenzake wa nyota ulimkuta Valeria kwenye kichanja cha kuanikia, akichambua kahawa na mama yake: "Tumerudia vipimo. Ile si sayari. Mwanga haufifii kwa kupitiwa na kitu mbele yake; nyota yenyewe ina doa."

Jumapili iliyopita tu, hapo kijijini Mpepai, padri alitangaza kwamba Valeria amegundua sayari na kuipa jina la mama yake. Kanisa zima lilipiga vigelegele.

Valeria aliitia simu mfukoni.

Mama aligeuza punje moja vidoleni. Ilikuwa na doa jeusi, dogo kama kichwa cha sindano. Akaitupa.

"Akina mama wa jumuiya wanakuja leo," alisema. "Wanataka uwaeleze habari za sayari yangu. Haijambo lakini?"

Valeria aliinama, akaiokota ile punje vumbini.

"Haijambo, mama," akajibu, akaichanganya na zilizo safi.