Hatua ya Nane

Mwalimu Lea alipiga hodi kwa sauti ndogo, akiomba Mungu pasiwe na mtu ndani.

"Karibu!" mwanamke akaitikia kutoka uani.

Basi, dua haikupokelewa. Lea akaingia na aibu yake ya miaka sita.

Kilichomleta ni Sabiha, mchezaji wake bora. Jumamosi shule ilikuwa iende Muheza kucheza raunda, na mwalimu mkuu alitaka kila mlezi afike mwenyewe kutoa ruhusa. Mlezi wa Sabiha hakufika. "Dada anasema hawezi kukutazama usoni, mwalimu," mtoto alisema huku analia. Lea akauliza jina la huyo dada. Aliposikia ni Mwatumu, chaki ilimponyoka.

Mwaka 1951 Lea alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu cha misheni, binti wa Kishambaa aliyeshuka toka milimani na miguu yake myepesi. Katika raunda unaupiga mpira kwa gongo, kisha unakimbia kuzigusa nguzo nne kabla haujarudishwa. Wenzake walikimbia wakitazama nguzo. Lea aliutazama mpira, na nguzo alizihesabia: hatua nane toka moja hadi nyingine, kisha ananyoosha mkono. Hakuwahi kukosa.

Fainali ilichezwa uwanja wa Mabawa, dhidi ya wasichana wa mjini. Nguzo zilikuwa miti mikavu ya mkonge, myepesi, iliyochomekwa mchangani. Ya nne ililindwa na Mwatumu, aliyejifunga kanga juu ya gauni kama wenzake wote wa mjini, kwa heshima. Lea aliupiga mpira ukaangukia mbali kwenye mihogo, na uwanja mzima ukageuka kuutazama. Akakimbia. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akahesabu nane, akanyoosha mkono. Mkono ukapita patupu.

"Hakugusa!" Mwatumu akapiga kelele. "Hakugusa huyo!"

Refa, Bi Beatrisi, alikuwa hakuona, kanga ilimziba. Akaamua kumwuliza Lea mwenyewe, maana mtoto wa misheni, ati, hasemi uongo.

"Umegusa?"

"Nimegusa, mwalimu."

Kwa maneno hayo mawili chuo kilipata kombe, na Lea akapata jina, picha gazetini, na kazi ya kufundisha michezo. Mwatumu alilia mpaka pumzi ikamkata. Refa alimtoa uwanjani kwa kumsingizia mwenzake, timu ikamfukuza, na kabla ya Idi baba yake akamwachisha shule akamwoza. Hayo Lea aliyasikia baadaye, na toka siku hiyo hakuweza kulitazama lile kombe.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Ya Lea ilikuwa na mwaka wa sita na bado inakwenda. Kila mtoto alipompa shikamoo alijiona mwizi. Wasichana wake walimwita Mwalimu Nane, kwa jinsi alivyowahesabisha hatua kila jioni mpaka wakachoka. Hawakujua kwamba alikuwa akiuadhibu mguu wake mwenyewe, uliokosea hesabu siku moja tu katika maisha yake.

Uani Mwatumu alikuwa akianika nguo. Kamba ilikuwa imeinuliwa katikati kwa mti wa mkonge uliochomekwa mchangani. Alipomwona mgeni aliinamisha macho.

"Karibu mkekani, mwalimu."

"Sikai, dada. Nikikaa sitasema." Lea alishika mkoba wake kwa mikono miwili. "Siku ile sikugusa. Wewe ulisema kweli, nami nikakufanya mwongo mbele ya watu. Nilikosea hesabu, nikaona haya kukiri. Kesho namwambia mwalimu mkuu, na wakinifukuza, wanifukuze. Nimeyataka mwenyewe. Lakini Sabiha hana kosa, mwache acheze."

Mwatumu alifunika uso kwa ncha ya kanga. Lea alisubiri matusi, na kwa kweli aliyatamani, maana yangemtua mzigo.

"Ulikosea hesabu," Mwatumu alisema polepole. "Ndivyo ulivyodhani miaka yote hii?"

"Ndivyo ilivyokuwa, dada."

"Na ndivyo unavyowaambia watoto? Sabiha hurudi hapa kila jioni anahesabu, moja mpaka nane, moja mpaka nane. Mimi naziba masikio."

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi radhi, shoga. Tafadhali usiniombe." Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta. "Siku ile watu wote walikuwa wakiutazama mpira. Wewe pia."

Alikwenda mpaka kwenye ule mti ulioinua kamba. Akasimama akiupa mgongo, kanga yake ikauficha. Akaupeleka mkono nyuma, akauchomoa mti mara moja, akauchomeka tena hatua moja pembeni. Nguo zilizolowa zikaburuta mchangani, wala hakuziokota.

"Ulihesabu sawasawa, mwalimu," alisema.