Kofia ya Msibani

Mwanamke alimvua Mzee Stefano kofia mbele ya jeneza la mdogo wake Amosi, akaivaa yeye, kisha akamkaba ukosi wa shati kwa mkono uliojaa majivu.

"Mwizi huyu!" alipiga kelele. "Ameng'oa minyaa ya mpaka wakati marehemu yuko kitandani hospitali! Amepanda alizeti zake mpaka mlangoni kwa mwenzake! Sema kama ni uongo!"

Msiba mzima pale Iguguno ukageuza shingo. Mwanamke alikuwa amejifunga gunia kiunoni na kujipaka majivu uso mzima, kama wafanyavyo watani wa ukoo ule kila anapokufa mtu wao. Na watani walikuwa wakisubiriwa kutoka Nzega tangu asubuhi. Stefano alipoliona lile gunia, roho ikamtulia. Mtani hakasirikiwi. Mtani hujibiwa.

"Ni kweli!" akanguruma, mikono ameitanua kama mhubiri. "Niling'oa minyaa kwa mikono hii hii! Shamba la Amosi nimelila lote, na ningekuwa na meno mazuri ningekula na nyumba!"

Watu walicheka mpaka wazee wa kanisa wakaficha nyuso kwenye vitabu vya nyimbo. Vijana wakarekodi kwa simu. Mwanamke peke yake hakucheka. Machozi yalimtiririka yakichora michirizi kwenye majivu, na Stefano, mjuzi wa kila kitu, akamnong'oneza jirani yake kwamba mtani yule ni fundi, analia machozi ya kweli. Akamtupia noti ya elfu kumi ili amwachie, kama ilivyo desturi. Noti ikaanguka chini. Mwanamke akaondoka na kofia.

Kichekesho ni kwamba yote aliyosema yalikuwa kweli tupu. Minyaa ilihamishwa, kijiji kizima kikaona na kijiji kizima kikameza mate, kwa sababu Stefano aliwahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji, na hadi leo anatembea kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba muda wake umekwisha. Sasa alikuwa amekiri hadharani na watu wakacheka. Kwa akili zake, jambo likishachekwa msibani limezikwa pamoja na marehemu.

Siku ya tano mwanawe Derick, anayeishi Mandewa, akapiga simu.

"Shikamoo baba. Video yako imefika mpaka huku mjini. Nimekupatia wakili, tumshtaki huyo mama kwa kukudhalilisha. Niko njiani naenda ofisini kwake, ila anataka jibu leo. Ana wateja wengi."

"Marahaba. Mwambie wakili wako anywe chai alale. Nimshtaki mtani, mimi? Nionekane mwehu wilaya nzima? Nyie mliohamia mjini mmesahau hata mila za kwenu!"

Akakata simu, akacheka peke yake. Mkewe Emiliana alikuwa uani akipepeta alizeti.

"Baba Derick, mchukue huyo wakili."

"Wa nini?"

"Si wa kushtaki. Wa kujikinga. Uliyoyasema yamerekodiwa."

"Ya utani hayo! Hakimu gani asiyejua utani?"

"Na mtani gani anaacha elfu kumi chini?"

Stefano alimtazama kwa ile huruma anayowawekea watu waliomzidi akili. "Amechukua kofia, inatosha. Halafu hilo shamba nani wa kulidai? Amosi ameacha nani?"

"Ameacha binti. Yunisi."

"Yunisi!" Alitema mate pembeni. "Alibebwa na mama yake kwenda Itigi hajaota hata meno. Leo ni mtu mzima, baba yake amekufa, na hata kuzika hakuja. Mtoto wa namna hiyo ana shamba?" Akapandisha sauti ili majirani nao wafaidi, kwamba wakili ni kwa ajili ya watu wenye hatia.

Emiliana akarudi kwenye ungo wake.

Mchana, Stefano akiwa anakula, akaingia mzee Alute, mtani wao wa miaka mingi kutoka Nzega, kuku kwapani. Hakupiga hodi. Alikaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, akachomoa paja kwenye sahani ya Stefano na kuanza kulitafuna.

"Bado hujafa tu, mchoyo wewe? Nilitegemea niwazike wawili kwa nauli moja."

Stefano akaangua kicheko. Hata moyo ulimfunguka. "Achana na mimi! Mwenzenu amenimaliza msibani. Mwambieni yule mwanamke wenu arudishe kofia yangu."

Alute akaacha kutafuna.

"Mwanamke gani? Huyu kuku ni faini, nimekuja kuomba radhi. Gari lilituharibikia mlima Sekenke, tukalala pale pale, kesho yake tukageuza. Hakuna mtani hata mmoja aliyefika kwenye msiba wenu."

Uani, Emiliana akaweka ungo chini. Stefano alipapasa mfukoni akatoa simu, akakosea jina mara mbili, ya tatu ikaita.

"Derick, mwanangu," alisema, na sauti yake ya uenyekiti haikuwepo. "Huyo wakili. Mwambie namtaka. Leo hii."

"Umechelewa, baba," Derick alinong'ona. "Ameshachukuliwa na dada mmoja kutoka Itigi. Kofia yako iko hapa mezani kwake."