Kipande cha Ubao

Nilipoanguka kutoka ghorofa ya pili ya jengo tulilokuwa tukijenga, msimamizi wetu ndiye aliyefika wa kwanza. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Akapiga magoti, akanifungua vifungo vya shati, nami nikadhani ananipa hewa.

Akatoa chupa mfukoni, akanimwagia pombe kifuani.

"Tulia, shemeji," alininong'oneza. "Ulipanda jukwaa umelewa. Sema hivyo, sote tuendelee kula."

Sijawahi kuonja pombe, na anajua. Ndiye yule yule ambaye, kabla hajafanywa msimamizi, alibeba bango mbele yetu tulipogoma kudai mikanda ya usalama. Nakumbuka hata rangi ya shati lake. Na Jumatatu, nilipomwonyesha ubao wa jukwaa uliooza, alinicheka mbele ya wenzangu: "Unaogopa ubao kuliko mkeo!"

Mkaguzi wa usalama akatoka mbio ofisini kwa tajiri, mdomo bado una chai.

"Kalewa huyu, mheshimiwa," shemeji akamwambia. "Mnuse mwenyewe."

Mkaguzi akainama, akanusa, akatoa kalamu.

Miguu yangu sikuisikia. Lakini mkono wa kulia ulikuwa bado umefumbata kipande cha ubao ule nilichong'ang'ania nikianguka, laini kama mkate uliolowa.

Nikafungua vidole, mkaguzi akione.