Upinde Uliovutwa

Mwakai alikwisha kuivua ngozi iliyofunika ncha ya mshale wake wa sumu, akauvuta upinde kumlenga swala. Hapo shemeji yake Kasiwa akanong'ona kando yake: "Shemeji, koboko amenipanda mguuni."

Mwakai akageuka taratibu, upinde ukiwa bado umevutwa. Nyoka alikuwa amejiviringisha juu ya kifundo cha mguu, kichwa kikiwa kwenye goti.

"Mpige," Kasiwa akasema.

"Sumu ya mshale huu haina dawa. Nikikupata wewe, dada nitamwambia nini?"

"Basi ushushe."

Lakini kila alipojaribu kuushusha, koboko aliinua kichwa. Mikono ya Mwakai ikaanza kutetemeka. Kule mbele, swala aliendelea kula majani.