Kwa Hisani ya Chui

Samahani, hekaya hii nitaiharibu.

Wanyama walimlisha Hondohondo awatangazie habari za msitu. Siku moja wakamsikia akitangaza harusi ya Fisi kwa malipo. Ngiri akafoka, "Tunakulisha, bwana, halafu sauti unaikodisha? Ukirudia, kazi huna."

Kesho yake Chui akamletea tini. "Mheshimiwa, waambie mtoni ni salama."

Hondohondo alisita, maana kazi yake aliipenda. Kisha akazipokea, akapaza sauti na, kama desturi yake, akaanza na mlipaji: "Tangazo hili ni kwa hisani ya Chui. Mtoni ni salama, karibuni mnywe."

Ngiri, aliyekwisha kufika nusu ya njia ya kwenda mtoni, aligeuka mbio. "Kaka," akasema akihema, "pokea matangazo yote."

Hondohondo humtaja mlipaji mwanzoni. Mimi, niliyelipwa na Chui niiharibu hekaya hii, nimengoja mpaka mwisho.