Vitabu Saba vya Ziada

Siku Waisraeli walipovuka Bahari ya Shamu, mbuzi wa Baltazar waliingia kwenye maharage ya Sebastiani. Mwenyewe aliwaona vizuri tu. Lakini Farao alikuwa nyuma na magari yake, maji yamesimama huku na huku, na mtu mwenye moyo hawezi kufunga kitabu mahali kama hapo. Alipofika ng'ambo pamoja na wana wa Israeli, shambani kwa jirani yalikuwa yamebaki mashina.

Sebastiani alimtukana, naye akamtukana vizuri zaidi, kisha akarudi kwenye ukurasa wake akiwa na furaha tele. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa la mapenzi.

Alikuwa anamtaka Oliva wa Nambis. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya Baltazar yalikuwa pumu. Alipalilia vitunguu saumu huku akiimba, alijipaka mafuta kwenda kunywesha ng'ombe, na Jumapili alizunguka njia ndefu ili tu auone moshi wa jiko la kina Oliva. Bashay, kijiji chake, nzima ilijua. Oliva mwenyewe alikuwa radhi. Shida ilikuwa Yoakimu.

Yoakimu alikuwa katekista, mtu wa maneno machache. Tangu mwenye boma alipofariki, neno la mwisho katika nyumba ile lilikuwa lake. Baltazar akaenda kujieleza.

"Ulisali lini kanisani mara ya mwisho?" Yoakimu aliuliza baada ya salamu.

"Krismasi," alisema Baltazar. Uongo ukamshinda, akaongeza, "Ya mwaka juzi."

"Sitoi mtu wa nyumba hii kwa asiyemjua Mungu. Nenda kasome Biblia. Yote. Ukimaliza, njoo nikuulize."

Mwingine angetafuta mchumba kwingine. Baltazar alikwenda mnadani Dongobesh akanunua miwani, akaifuta vumbi Biblia ya Kilutheri aliyoachiwa na mama yake, akaanza na Mwanzo. Alisoma malishoni, alisoma akingoja chai ichemke, hadi kurasa zikanuka vitunguu saumu. Mambo ya Walawi yalimbwaga chini mara mbili. Orodha za majina aliziimba kwa sauti ya kuitia ng'ombe, na ng'ombe wakaja. Ruthu alimsoma mara tatu kwa siku moja, akicheka peke yake kama mtu aliyepata barua.

Ila kadiri alivyosonga mbele, kurasa nazo zilianza kumsoma yeye. Alifika kwenye Waraka wa Yakobo, pale ulimi unapoitwa moto, akakaa kwenye jiwe muda mrefu bila kufunua ukurasa. Jioni ile aliswaga mbuzi jike hadi kwa Sebastiani, akaomba msamaha kwa ajili ya maharage na kwa ajili ya yale matusi. Sebastiani alidhani anaumwa.

Mwezi wa nane akafunga Ufunuo, akapanda kilima cha Nambis mbio mbio, akipumzika njiani mara nne na kusingizia furaha.

"Nimemaliza, Mwalimu," alisema mlangoni. "Vitabu vyote sitini na sita."

Yoakimu alimtazama kwa huruma kidogo. "Biblia ya nyumba hii ina vitabu sabini na vitatu."

Baltazar alishika kizingiti. Jikoni alisikika mwanamke akijizuia kucheka, halafu akishindwa.

Alirudi Bashay na Biblia ya Kikatoliki kwapani, amekasirika, amevimba. Lakini alipofungua Tobiti akamkuta Sara, aliyefiwa na waume saba, na Tobia, ambaye hakuogopa kuwa wa nane, hasira yote ikamwisha akaanza kushangilia mbele ya mbuzi. Hekima aliisoma polepole. Sira aliisoma polepole zaidi. Haraka ilikuwa imemtoka, na hakujua imetoka lini. Asubuhi moja alijikuta amesoma saa nzima bila kumkumbuka Oliva hata mara moja. Akaona haya, kisha akacheka mpaka miwani ikadondoka.

Siku ya mtihani Yoakimu alikaa uani, Biblia imefungwa mapajani.

"Sikuulizi nani alimzaa nani," alisema. "Niambie imekufanya nini."

Baltazar alikuwa amekariri wafalme wa Yuda wote kwa mpangilio. Wakamtoroka wote kwa pamoja.

"Nilikuja hapa nikimtaka Oliva," alisema. "Bado namtaka, Mwalimu, tena sana. Lakini ukininyima, Jumapili nitakuja kusali hapa hapa, na sitakuchukia. Mwaka jana ningekuchukia."

Kuku wakapita katikati yao. Baltazar alijua amejimaliza mwenyewe. Nani anakwenda kuposa na kumwonyesha mtu njia ya kukataa?

"Sebastiani alinisimulia habari za yule mbuzi," Yoakimu akasema. "Nilikuwa nangoja nione kama utajisifu naye." Akafuta macho kwa kiganja, akainuka, akageukia jikoni. "Mama, njoo. Nimekubali."

Oliva akatoka na kanga mpya, wajukuu zake watano wakimfuata nyuma kwa vicheko, na Yoakimu akainamisha kichwa mbele ya Baltazar.

"Shikamoo, baba."