Vishimo vya Magoti

Syombua alikwenda kumwambia Mungu kwamba amechoka. Tangu bendera ya Uhuru ipandishwe kule Kwale, kila asubuhi alipiga magoti chini ya mkorosho ule ule pembeni mwa shamba, akiomba, "Bwana Yesu, nionyeshe uso wako." Waliomjibu ni nyani wa msitu wa Shimba.

"Leo ndiyo mwisho," alimwambia mama mkwe.

"Ukimwacha yeye utamwomba nani, mwanangu?"

Syombua alijifunga leso, akatoka.

Chini ya mkorosho, magoti yake yalikuwa yamechimba vishimo viwili. Mvua ilinyesha usiku kucha, navyo vilijaa maji.

Lakini mbele yake palikuwa na vishimo vingine viwili, vikielekeana na vyake. Jana havikuwapo, ila udongo wake ulikuwa umeshindiliwa kama wa mahali palipopigwa magoti miaka mingi. Na vilikuwa vikavu, kana kwamba aliyepiga magoti hapo alikesha.

Syombua alitia kiganja katika kimoja. Kilikuwa na joto.

"Syombua!" mama mkwe aliita kutoka jikoni. "Umeshamwambia?"

Alipofungua kinywa kujibu, mbele ya uso wake, pasipo na mtu, ilisikika pumzi ikivutwa, kama ya mtu anayetaka kusema.